Mfuko wa kulalia wa manyoya, mwepesi, kwa baridi ya Kilimanjaro: niko Goma, naomba ushauri

MbebajiKibati (Goma)

Jambo wote. Maneno yangu ni mengi kidogo, mnivumilie.

Kwa miaka sita nilibeba mizigo ya watalii kwenye Nyiragongo. Waliopanda wanajua ile njia: unaanzia Kibati, unapita msituni, kisha mawe ya lava yanayogeuka chini ya kiatu, na saa tano baadaye uko ukingoni, mita 3,470. Watalii waliingia kwenye vibanda vyao na mifuko yao ya kulalia. Sisi tulizunguka mbabula, jiko letu la makaa, koti moja kwa mtu, kitenge kichwani, tukingoja kuche. Tangu mlima ulipotema moto tarehe 22 Mei 2021 sijapanda tena, lakini magoti yangu hayajaisahau ile baridi.

Sasa tuko watu wanne, wanaume watatu na dada mmoja, tumekusanya pesa kidogo kidogo kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame mwezi wa saba. Safari hii na mimi nataka kulala. Yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, anaishi Bruxelles, atakuja likizo mwezi wa tano na ataniletea mfuko mmoja. Amenitumia picha za mitatu. Wa kwanza umejazwa nyuzi za plastiki, kilo 1 na gramu 700, dola 70, na umeandikwa −15 kwa namba kubwa kama bango. Wa pili ni wa manyoya ya bata, gramu 870, dola 210. Wa tatu ni wa bata bukini, kilo 1 na gramu 120, dola 300. Tena kuna kijana pale Birere anauza mmoja wa mitumba kwa dola 25, lebo imekatwa.

Mtaniuliza kwa nini nahangaika na uzito wakati kule lazima kuwe na wabebaji. Ndiyo sababu yenyewe. Mfuko wangu utakuwa mgongoni mwa mtu mwingine, na mimi najua gramu 800 zinavyokuwa saa ya nne ya kupanda.

Fundi_Nyawera (Bukavu)

Ndugu Mbebaji, huo wa −15 uuache kwanza. Mwambie yaya akupigie picha ya lebo ndogo ya ndani, ile ambayo hakuna anayeisoma.

Mifuko iliyopimwa kwa kanuni ya ISO 23537 (zamani iliitwa EN 13537) ina namba tatu. Kwa Kifaransa utakuta konfo, limiti na ekstremu. Konfo ni joto ambalo mwanamke wa kawaida analala amejinyoosha bila kusikia baridi. Limiti ni pale mwanaume wa kawaida, amejikunja kama kamba iliyosokotwa, bado anaweza kupitisha usiku. Ekstremu siyo ya kulala hata kidogo: ni pale mtu anatetemeka saa sita na kuponea chupuchupu, tena anaweza kugandishwa vidole. Wauzaji wengine wanachukua hiyo ya tatu na kuiandika kubwa nje. Nitashangaa kama konfo ya huo wa dola 70 iko chini ya +3.

Kwa hiyo linganisha konfo na konfo. Namba nyingine zote zitakuchanganya.

MbebajiKibati (Goma)

Fundi, aksanti sana. Yaya amejibu usiku huu huu. Wa plastiki: konfo +4, limiti −1, ekstremu −15. Ulisema kweli. Wa gramu 870: konfo 0, limiti −5. Wa kilo 1 na gramu 120: konfo −6, limiti −13.

Swali: kule juu kuna baridi kiasi gani hasa?

Mgumu_Machame (Moshi)

Mkuu, karibu sana. Mimi ni mgumu, nabeba mlimani mwaka wa tisa huu. Nimefurahi kusoma maneno ya mbebaji mwenzangu.

Hesabu ya mkono ni hii: kila mita 1,000 unazopanda, joto linapungua kama digrii 6 na nusu. Goma mko kama mita 1,500, sivyo? Kambi ya Barafu ni mita 4,673. Tofauti ni zaidi ya mita 3,000, yaani digrii 20. Kama usiku wenu ni 15, toa 20, umefika −5. Hapo sijaweka upepo, na mwezi wa saba ndio msimu wetu wa baridi, anga safi, joto la ardhi linapaa lote. Asubuhi maji yanaganda ndani ya chupa iliyoachwa nje ya hema.

Mimi ningechukua ule wa −6. Kambi za kwanza hautauhitaji wote, utafungua zipu na kujifunika kama blanketi. Lakini ukifika Barafu unalala saa chache tu kabla ya kuamshwa usiku wa manane kwenda kileleni, na hizo saa chache ukizipoteza kwa kutetemeka, utazidai saa kumi alfajiri na hautazipata.

Kuhusu uzito, Mungu akubariki kwa kutufikiria. Sheria ya hifadhi ni kilo 20 kwa mbebaji. Tofauti ya gramu 250 kati ya mifuko yako miwili haimuumizi mtu. Kinachotuumiza ni mteja anayeleta jinzi tatu na viatu vya ziada.

Dada_wa_Katindo (Goma)

Mimi ndiye yule dada mmoja. Naona wanaume wameshaanza kupanga joto langu bila kuniuliza.

Nina kilo 52 na nasikia baridi hata Himbi wakati wa mvua. Kama nimemwelewa Fundi, limiti imepimwa kwa mwili wa mwanaume, kwa hiyo mimi nisiiangalie kabisa?

Fundi_Nyawera (Bukavu)

Usiiangalie, dada. Tena usichukue konfo iliyo sawasawa na baridi unayoitarajia. Jiongezee digrii kama tano. Vipimo vyao vinafanywa kwa mwanasesere mwenye joto ndani, amevalishwa nguo za ndani ndefu na soksi, amelazwa juu ya matela nzuri. Mwanasesere hachoki, hakukosa hamu ya kula, hajapanda mita 800 siku hiyo. Wewe utakuwa umefanya yote matatu.

Kalasi (Lubumbashi)

Samahani, mimi sijui mambo ya milima, huku kwetu baridi ni mwezi wa sita na wa saba basi. Kwa nini msichukue tu blanketi mbili nzito? Dola 300 ni pesa ya kodi ya nyumba.

MbebajiKibati (Goma)

Yaya Kalasi, swali lako siyo la ujinga. Nilipima blanketi letu la nyumbani kwa mzani wa duka: kilo 2 na gramu 400. Mbili ni karibu kilo 5, na bado zinaacha mianya shingoni na miguuni. Zinajaza mfuko mzima wa mbebaji mmoja.

Fundi_Nyawera (Bukavu)

Niongeze hapo, kwa sababu watu wanadhani manyoya yanatoa joto. Hayatoi. Joto ni lako. Manyoya yanashika hewa iliyotulia tu ili joto lako lisikimbie. Ndiyo maana kinachopimwa ni namna yanavyovimba. Mfuko ulioandikwa 800 maana yake aunsi moja ya manyoya yake, gramu 28, inavimba na kujaza inchi za ujazo 800. Hizo ni lita 13. Fikiria bidoni ya njano ya lita 20: gramu 28, mkono mmoja wa manyoya, inajaza zaidi ya nusu yake! Ya namba 650 yatajaza nusu tu. Ule mfuko wa gramu 870, kama ndani una gramu 450 za namba 800, umebeba bidoni kumi za hewa.

Lakini hapa wengi wanakosea. Namba ya 800 peke yake haikwambii kama mfuko una joto. Inakwambia ubora wa manyoya. Uliza na gramu zilizowekwa ndani. Gramu 250 za namba 850 ni mfuko wa msimu wa joto. Gramu 600 za namba 650 ni mfuko wa baridi kweli, ila mzito zaidi. Unazidisha moja kwa nyingine kichwani, ndiyo unapata picha.

Tena angalia mishono. Katika mifuko ya bei ndogo kitambaa cha nje na cha ndani vimeshonwa pamoja moja kwa moja, na kila mstari wa mshono ni mahali pasipo na unyoya hata mmoja. Baridi inaingia humo kama maji kwenye paa la mabati yenye matundu ya misumari. Mfuko mzuri una kuta ndogo za kitambaa ndani, zinatengeneza vyumba, na manyoya yanakaa na unene wake mpaka kwenye mshono. Uangalie pia kama nyuma ya zipu kuna mkanda mnene uliojazwa manyoya, na kama kofia inafungika mpaka ibaki nafasi ya pua na mdomo. Usipumulie ndani, utaulowesha.

Papa_Mutwanga (Beni)

Watoto wangu, mmesema vizuri. Mimi nawaletea maji.

Nilipanda Ruwenzori kutoka Mutwanga mara nyingi nikiwa kijana: Kalonge, Mahangu, Kiondo, vibanda vile vyote. Pale mvua siyo habari, ni hali ya kila siku. Safari moja mgeni aliniachia mfuko wake wa manyoya kama zawadi, mwepesi kama mkate. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia mshahara. Safari iliyofuata niliufunga juu ya mzigo na mfuko wa plastiki uliokuwa na tundu dogo. Kufika Mahangu, manyoya yote yalikuwa yameshikamana, madonge kama bugali wa jana, na kati ya donge na donge ni kitambaa kitupu. Usiku ule nilitetemeka mpaka taya likaniuma. Mwenzangu alikuwa na mfuko wa nyuzi za plastiki, mzito, mbaya wa kuangalia, nao ulikuwa umelowa vilevile. Aliukamua, akaingia, akalala!

Siwaambii msinunue manyoya. Mwezi wa saba Kilimanjaro ni kukavu, manyoya yanafaa. Lakini mkirudi na mifuko hiyo kwenye milima yetu hii ya mvua, fungeni mara mbili: ndani mfuko mgumu wa plastiki mliopulizia hewa na kuona hautoi, nje mfuko wake wenyewe. Siku hizi kuna manyoya yaliyotiwa dawa ya kukataa maji. Inasaidia kwa umande na pumzi. Kwa mvua ya Ruwenzori, hapana.

MbebajiKibati (Goma)

Papa, aksanti. Hilo la donge nimelisikia mpaka mgongoni.

Na ule wa Birere je? Leo nimepita tena. Ni mwekundu, una zipu nzima, kijana ameshuka mpaka dola 20.

Mama_Baloti (Goma)

Mimi nafungua baloti za nguo za mitumba miaka kumi na tatu, wacha nikwambie namna ya kuuangalia. Usiununue ukiwa umekunjwa ndani ya kifuko chake. Mwambie autandaze, kisha nenda ukanunue kitu kingine, rudi baada ya saa moja. Mfuko wa manyoya ulio hai utakuwa umenyanyuka wenyewe kama unga uliotiwa hamira. Uliokufa utabaki umelala.

Ukiwa umenyanyuka, weka rula. Kwa baridi ya sifuri unataka kama sentimita 5 upande wa juu, bila kuhesabu ule utakaoulalia. Halafu uinue mbele ya jua au taa: vyumba vitupu vinaonekana kama madirisha. Bana kwa vidole: ukichomwa chomwa na miti ya manyoya, hayo ni ya mabawa yamechanganywa, hayavimbi. Tena nusa. Harufu ya kuku aliyenyeshewa maana yake uliwekwa ukiwa na unyevu, manyoya yameanza kuoza, hakuna sabuni itakayoyarudisha.

Bila lebo huwezi kujua konfo. Lakini rula haidanganyi.

MbebajiKibati (Goma)

Mama, nimefanya kama ulivyosema. Baada ya saa moja: sentimita 2, na miguuni vyumba vitatu vitupu. Nimemshukuru kijana nimeondoka.

Mgumu_Machame (Moshi)

Umefanya vizuri. Sasa wakuu, mbona hakuna aliyetaja kitu cha chini? Mnanunua mfuko wa dola 300 halafu mnalala juu ya godoro la sponji lililochoka, kisha mnasema mfuko ni mbovu. Manyoya yaliyo chini ya mwili wako yamekandamizwa, hayana hewa, ni kama hayapo. Chini yako kuna godoro tu.

Magodoro ya mlimani yana namba ya R. Kadiri inavyopanda, ndivyo yanavyozuia baridi ya ardhi. Sponji ngumu ya kukunja ni kama 2. Kambini Barafu chini ni mawe, tafuta 4 au 5. Uzuri wake namba hizi zinajumlishwa: sponji ya 2 chini, godoro la hewa la 3 juu, una 5. Muulizeni kwanza anayewapeleka, wengi wanatoa sponji. Na kama kuna mwenzenu anakuja kufanya kazi ya kubeba, hapa Moshi shirika la KPAP linaazima wabebaji nguo za baridi bila malipo.

Dada_wa_Katindo (Goma)

Na mbabula? Mbebaji amezoea kuzunguka mbabula. Tukichukua kidogo kidogo ndani ya hema, dakika kumi tu za kupasha joto?

Papa_Mutwanga (Beni)

Hapana, binti yangu. Hata dakika tano. Makala yakiwaka mahali palipofungwa yanatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, unasinzia na hauamki. Nyinyi watu wa Goma mnajua mazuku, mnajua mbuzi anavyoanguka bondeni bila jeraha. Ile ya mazuku ni nyingine, inatoka ardhini, lakini mwisho wake ni uleule. Jiko la gesi pia libaki nje.

Joto lichukue hivi: chemsha maji, jaza chupa ngumu isiyovuja, ivalishe soksi, iweke katikati ya mapaja. Kula kabla ya kulala, karanga au kitu chenye mafuta, mwili uwe na kuni za usiku. Ukibanwa na mkojo, toka; usijizuie mpaka asubuhi. Na soksi za kulalia ziwe nyingine kabisa, hazijawahi kutembea.

MbebajiKibati (Goma)

Nimeamua. Yaya ataleta ule wa konfo −6. Dola 90 za ziada nimezipata kwa kuuza redio yangu, siijutii. Dada wa Katindo amepata wake kupitia mjomba aliye Kigali, konfo −9, kilo 1 na gramu 300, na amesema yeyote atakayesema ni mzito aje aubebe yeye.

Nitawaletea habari ukifika.

MbebajiKibati (Goma)

Umefika jana. Unatoka kwenye kifuko kidogo kama kichwa cha kabichi, na unavimba mbele ya macho. Watoto wa nyumba nzima wameingia humo mmoja mmoja.

Usiku nimeujaribu uwanjani, juu ya mawe ya lava, joto 15 kwa kipimo cha simu ya jirani. Kwanza niliweka mkeka tu. Juu nilitoka jasho, ikabidi nifungue zipu yote. Lakini saa nane mgongo ulikuwa baridi kama nimelalia ziwa. Jasho kifuani na baridi mgongoni, kwa wakati mmoja! Niliamka nikaleta sponji mbili, nikazipanga, na sikuamka tena mpaka jogoo. Mgumu, nimekuelewa kwa mwili wangu.

Swali la mwisho: ule jasho umebaki ndani kidogo, na Goma vumbi la lava linaingia kila mahali. Nauosha vipi?

Mama_Baloti (Goma)

Usiuoshe sasa. Ugeuze nje ndani, uanike kivulini penye upepo mpaka jioni, basi. Kuosha ni mara moja kwa mwaka, au hata miaka miwili ukivaa nguo safi ndani yake.

Siku ukiosha: beseni kubwa, maji ya uvuguvugu, sabuni laini kidogo sana, siyo ya unga, kwa sababu hiyo inakula mafuta ya unyoya na bila mafuta hauvimbi. Kandamiza, usikamue kwa kusokota. Suuza mpaka maji yawe kama ya kunywa. Wakati wa kuutoa beba wote kwa mikono miwili kutoka chini, kama mtoto mchanga, maana ukiunyanyua upande mmoja maji yatapasua kuta za ndani. Kisha ulaze juu ya wavu, kivulini, na kila saa chache pita na vidole kuvunja madonge. Siku tatu, nne. Ukiona umekauka, ongeza siku moja.

Na usiutunze ndani ya kile kifuko kidogo, manyoya yatasahau kuvimba. Ushonee foronya kubwa ya pamba, uutundike.

MbebajiKibati (Goma)

Foronya mke wangu ameikata leo, kutoka kwenye shuka la zamani. Tunaondoka tarehe 4 mwezi wa saba. Mgumu, ukiwa kazini wiki hiyo, nitakutafuta getini Machame. Nitakuwa na mfuko wa kilo 1 na gramu 120, jinzi hakuna hata moja.

Mgumu_Machame (Moshi)

Nipo. Ulizia wagumu wa zamu ya asubuhi, watakuonyesha.